Mtani Hauzi Kitu Kizima

Bunduki ya Zumana Traore ilikufa miaka miwili kabla ya mwalimu wake, na Zumana hakuona haraka ya kutafuta nyingine. Mchwa walianza na kitako, wakakigeuza chekeche. Halafu siku ya sherehe ya mavuno mtutu ukapasuka, ukamuunguza ndevu za upande mmoja, nazo zilipoota upya zikaota nyeupe upande huo tu, kama kondoo wa madoa. Tangu hapo akawa anakwenda kwenye mikutano ya wawindaji na mgwisho wake mkononi. Anakaa mstari wa mbele kwa heshima ya umri, na mtu akimuuliza silaha iko wapi anajibu kwamba wanyama wa siku hizi akiwatolea macho tu wanaanguka.

Halafu Tiemoko Samake akafa.

Tiemoko ndiye aliyemfundisha kunusa upepo, kutembea juu ya majani makavu kama anatembea juu ya unga, na kunyamaza. Alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, na wa kwanza wao alikuwa Zumana. Walimzika mvua zikinyesha. Shughuli yenyewe ya wawindaji ikangoja pamba ivunwe na njia zikauke. Upande ule wa Bougouni, roho ya mwindaji haiondoki na maiti yake. Inakwenda kukaa ukingoni mwa pori, imekunja miguu, inasubiri kusikia bunduki ya mwanafunzi wake wa kwanza. Ikiisikia, inainuka, inajikung'uta vumbi, inakwenda zake. Kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza hufyatua kabla ya watu wote. Anapewa mara tatu. Bunduki isipolia mara tatu, zamu inapita kwa wa pili na shughuli inaendelea, ila kule ukingoni mzee anabaki ameketi, maana aliyemwita siye aliyekuwa akimngoja. Na bunduki ya siku hiyo haiazimwi. Machozi hayaazimwi, wawindaji husema, na hapo mjadala umekwisha.

Tangazo lilipotoka kwamba shughuli ni Alhamisi ya wiki ya pili, Zumana alikuwa na siku kumi na mgwisho mmoja.

Akaenda kwa Seriba Ballo, mhunzi, akamkuta anapuliza moto.

"Niletee vipande nikuungie bunduki," Seriba akasema. "Mtutu, kitako, mtambo. Vikiwa vikuukuu hewala, mradi vimetoka kwenye gobore la gumegume. Usiniletee bomba la pampu kama shemeji yako."

"Shemeji yangu alisema lile bomba lilipiga."

"Lilipiga kweli. Lilimpiga yeye."

Mtutu aliupata siku hiyohiyo mnadani, kwa muuza vyuma chakavu aliyeapa kwamba mtutu ule uliwahi kumuua kiboko, na risasi ilipotokea upande wa pili ikamkuta fisi aliyekuwa anasubiri masalio, ikamuua naye. Zumana hakubisha. Alichungulia ndani, akaona mwanga wa duara upande wa pili, akaridhika. Kitako alikipata kwa mjane mmoja wa jirani aliyekuwa akikitumia kupondea karanga. Miaka minane ya karanga ilikuwa imekinywesha mafuta mpaka kinang'aa kama paji la uso la bibi harusi. Mjane alitaka mchi mpya tu. Zumana akamchongea, wakaagana.

Ukabaki mtambo. Ndicho kile chuma cha ubavuni, chenye taya linalong'ata jiwe, na springi inayolirusha taya mbele ili jiwe ligonge, cheche zimwagike kwenye kisahani cha baruti. Mtu mwenye mtambo mzima hauuzi, na mtambo unaouzwa si mzima. Zumana alizunguka masoko matatu. Alionyeshwa springi zilizolegea kama mshipi wa mlevi, na mataya yaliyong'oka meno. Siku ya tano akarudi kwa Seriba, miguu imejaa vumbi hadi magotini.

"Mbona unajitesa?" Seriba akamuuliza. "Unajua uliko."

Zumana alijua. Ulikuwa kwa Ngolo Kone, ndani ya kopo la maziwa ya unga, umefungwa kitambaa chenye mafuta. Ulikuwa mtambo wa bunduki ya baba yake Ngolo, na hapakuwa na mwingine wa kuulinganisha nao kuanzia pale hadi Sikasso. Lakini Ngolo alikuwa mtani wake.

Traore na Kone ni watani tangu zamani sana, na kila anayesimulia chanzo chake huongeza kipande. Traore humwambia Kone kwamba ni mla kunde na mtumwa wake. Kone naye humwambia Traore vilevile, na wote wawili wana haki. Hawaruhusiwi kukasirikiana. Hawaruhusiwi kunyimana. Na katika biashara wana sheria moja inayozidi zote: mtani hauzi kitu kizima. Lazima abakize kitu kidogo, ili mwenzake arudi na maneno. Babu yake Ngolo alimuuzia babu yake Zumana punda, akabakiza jina la punda. Mwaka mzima yule punda akawa haitiki. Zumana mwenyewe aliwahi kumuuzia Ngolo mlango, akabakiza ufunguo, na Ngolo aliingia chumbani mwake kwa dirisha hadi mke wake, Sali, alipochoka kumsukuma matako.

Siku nyingine yoyote Zumana angekwenda kwa Ngolo huku anacheka tangu njiani. Siku ile alikwenda na mbuzi aliyegeuzwa pesa mfukoni, na kifua kizito. Alimkuta Ngolo chini ya banda, anachemsha chai.

"Nani huyo?" Ngolo akasema kabla hajafika. "Sali, njoo uone. Gunia la kunde limeota miguu."

"Nyumbani salama?" Zumana akauliza.

"Salama, mtumwa wangu. Umekuja kunifulia?"

"Watoto salama?"

"Salama." Ngolo akainua birika juu, chai ikashuka kama uzi. "Pole na msiba. Tiemoko alikuwa mtu. Nilimwambia siku zote, kosa lake moja tu ni kumfundisha Traore. Afadhali angemfundisha mbuzi, angalau mbuzi anaweza kuliwa."

Hapo ndipo Zumana alipotakiwa kujibu. Jibu lilikuwepo hata, alilihisi linatembea kooni, lakini lilifika kwenye ulimi likageuka. Akasema, "Nimekuja kununua ule mtambo. Bei gani?"

Ngolo alimtazama. Halafu, kwa kuwa alidhani mchezo umeanzia mbali, akataja bei ambayo mtu angeweza kununulia pikipiki na mtu wa kuiendesha.

Zumana alitoa pesa za mbuzi, akatoa na zile alizofunga kwenye pindo la nguo, akaziweka zote juu ya mkeka. "Ndizo nilizo nazo. Zilizopungua nitaleta."

Chai ilichemka ikamwagika kwenye makaa. Ngolo aliziangalia zile pesa kama mtu aliyeletewa maiti asiyoijua.

"Nimekukosea nini?" akauliza.

"Hujanikosea. Nina haraka."

"Mimi mtu wa sokoni? Unanilipa kama mtu wa sokoni?"

"Ngolo, nina siku tano."

Ngolo akainuka, akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka aliweka kitambaa chenye mafuta mikononi mwa Zumana, na chai hakumkaribisha. Zumana alikuwa amekwisha vuka ua aliposikia sauti ya Sali, "Mmegombana?" na sauti ya Ngolo, "Sijui. Muulize mteja."

Seriba alipoufungua mtambo alitabasamu. Akaugeuza, akabonyeza springi, ikamrudisha kidole kwa nguvu. Kisha akaacha kutabasamu.

"Mtani wako amebakiza skrubu."

"Ipi?"

"Ya taya. Hii inayobana jiwe." Akaonyesha tundu tupu. "Ni ya zamani, ina meno yake peke yake. Nenda, mtukane kidogo, atakupa."

"Sina matusi mwezi huu, Seriba. Mdomo wangu umefiwa."

"Hata moja dogo? Mwambie miguu yake kama ya korongo. Si tusi hilo, ni habari tu."

"Weka nyingine."

Seriba alikuna kichwa, akaenda kwenye rundo lake, akarudi na skrubu iliyotoka kwenye baiskeli. Ilikuwa nyembamba kidogo. Akaizungushia uzi, akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Walijaribu, cheche zikaruka. Wakajaribu tena, zikaruka. "Itakaa," Seriba akasema, lakini alisema kama mtu anayemwambia mgonjwa.

Bunduki ilikamilika siku moja kabla. Seriba aliingiza mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, ndani ya mtutu mtupu, akauchonga alama kwa kisu pale ulipoishia mdomoni. "Usiyaamini macho wala masikio," akamwambia. "Mwulize mdeki. Ukizama hadi hapa, bunduki ina njaa. Ukisimama na alama ikabaki nje vidole vitatu, imeshiba. Watu wamekufa kwa kudhani."

Alhamisi ikaja. Wawindaji walifika tangu asubuhi na kanzu zao za rangi ya matope, hirizi na meno na vioo vinagongana, bunduki zaidi ya arobaini. Kinanda cha nyuzi cha wawindaji kililia, mwimbaji akawataja wanyama wote aliowaua Tiemoko na wengine ambao hata Tiemoko angeshangaa kuwasikia. Watu wakala. Mchana ukapinda.

Ngolo alikuja, maana msiba hauna haki bila watani. Alikuwa amevaa kanzu ndani nje, bunduki yake ni bua la mtama, na alitembea kama Tiemoko alivyokuwa akitembea, bega moja chini, mpaka mjane wa marehemu akacheka huku anafuta macho. Alilala katikati ya uwanja akadai hatainuka mpaka wanawe Tiemoko wampe kuku. Wakampa. Lakini kila alipopita mbele ya Zumana alipita moja kwa moja, kama mtu apitaye mbele ya duka la mgeni.

Bilali Mariko, mkuu wa wawindaji, akainua mgwisho. Kinanda kikanyamaza.

"Mwanafunzi wa kwanza."

Zumana akaingia uwanjani. Alikuwa ameshashindilia baruti na kitambaa. Akajaza kisahani, akavuta taya nyuma, akaelekeza mtutu angani upande wa pori. Alitaka kusema jambo kwa mwalimu wake, akakosa. Akafyatua.

Taya lilikwenda mbele kwa nguvu zote za baba yake Ngolo, skrubu ya baiskeli ikateleza, na jiwe likaruka kama panzi, likapita juu ya kofia ya Bilali, likatua kwenye changarawe. Bunduki haikulia.

"Moja," akasema Bilali.

Watu walipiga magoti. Kutafuta jiwe kwenye mawe! Kila mtu alikuja na lake. Mzee mmoja alileta jino lake mwenyewe lililodondoka wakati anainama. Zumana alisimama katikati amekumbatia bunduki, na alipoinua macho alimkuta Ngolo amesimama mbele yake, bua la mtama limeshuka.

"Skrubu," Zumana akasema. "Nipe."

Ngolo hakuwa na uso wa utani. "Niliiweka juu ya mtungi," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikaa mlangoni nakusubiri. Siku mbili. Nilikuwa na maneno nimekuandalia, Zumana, mengine mapya kabisa. Siku ya tatu kanga akaimeza."

"Kanga yupi?"

"Yule mweusi. Nikamfukuza, akaruka ua, akaingia porini. Nimemtafuta hadi jana jioni."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Kwa mteja?"

Zumana akafumba macho.

"Mtu akamwinde basi," akasema mwindaji mmoja aliyekuwa amepiga magoti karibu yao, na watu wakaguna, maana bunduki zote zilikuwa zimenyamazishwa kumngojea huyohuyo asiye na bunduki.

Jua halikumngojea mtu. Jiwe lilipatikana chini ya kiatu cha mpiga kinanda. Ngolo akakata kwa meno uzi wa ngozi wa hirizi yake ya mkononi, ile ambayo hakuna aliyewahi kumwona bila hiyo, akaulowesha mate, akalilaza jiwe ndani ya taya na kulifunga nao, mizunguko saba. Zumana alishika mtambo usicheze. Vichwa vyao viligusana. Hakuna aliyetukana.

Zumana alivuta taya, akafyatua. Cheche. Baruti ya kisahani ikawaka *fyuu*, moshi mweupe ukapanda, watu wakavuta pumzi, na ndani ya mtutu kimya.

"Mbili."

Seriba alikuja mbio na sindano, akasafisha kitundu kinachopitisha moto wa kisahani kuingia mtutuni. Kisahani kikajazwa upya. Zumana alihisi macho ya wanafunzi kumi mgongoni mwake, hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya, na hilo lilikuwa zito kuliko kama wangemzomea. Akafyatua mara ya tatu. Uzi wa ngozi ulikuwa umelegea kwa mate. Jiwe lilijipinda, likakwaruza chuma, cheche moja ikatoka, ikaangalia dunia, ikafa.

Bilali hakusema tatu. Alishusha mgwisho tu, na kuuelekeza kwa Kariba, mwanafunzi wa pili.

Kariba alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini aliingia uwanjani kama mtoto aliyetumwa kuiba. "Kaka, nisamehe," akamwambia Zumana bila kumtazama. Bunduki yake ikalia vizuri. Halafu, kama ilivyo, zikafuata zote, arobaini na zaidi kwa pamoja. Ardhi ikaruka, kuku wa kijiji kizima wakaacha kutaga hadi mvua za mwaka uliofuata, na moshi ukafunika uwanja hata mtu hakuona mkono wake.

Ndani ya moshi ule Zumana alilisukuma jiwe kwa kidole gumba, akavuta taya, akaelekeza juu, akafyatua.

Bega lake lilirudi nyuma. Au lilisukumwa, kwa sababu Ngolo alikuwa ubavuni pake, na wengine nyuma wakikanyagana. Masikio yalikuwa yanapiga mluzi. Kulikuwa na moto mdomoni mwa mtutu, au ulikuwa moto wa bunduki ya jirani. Alikohoa, akapepesuka, mtu akampokea bunduki asije akajikwaa nayo, akamkalisha kwenye kiti cha Bilali. Alikaa pale mpaka moshi ukapasuka na pori likaonekana tena, kimya, ukingo wake mweusi.

Ndipo akakumbuka mdeki. Sio macho, sio masikio, mwulize mdeki. Kama mtutu umeshiba, mwalimu bado ameketi pale. Kama una njaa, basi alisikia, hata kama ni sauti moja kati ya arobaini. Tiemoko alikuwa mtu wa kutambua unyayo mmoja katika kundi zima. Akainuka kuitafuta bunduki yake.

Ngolo alikuwa amekaa nyuma ya jiko la wanawake, bunduki mapajani, birika la maji ya moto kando yake. Mtutu ulikuwa ukivuja maji meusi. Mdeki ulilazwa chini, umefungwa kitambaa kilicholowa. Alikuwa ameshausafisha mtutu wote, kama mtani mwema anavyomsafishia mwenzake silaha siku ya msiba.

"Uliingiza mdeki kwanza?" Zumana akauliza.

"Niliingiza."

"Kabla ya maji?"

"Kabla ya maji. Mimi si mjinga, mimi ni Kone."

"Ulizama hadi kwenye alama?"

Ngolo akaendelea kusugua chuma, taratibu, kwa majivu.

"Ngolo. Nakuuliza. Ililia, haikulia?"

"Mtambo ulinilipia," Ngolo akasema. "Sawa, nimeuza. Hiki unachouliza hukukinunua."

"Nitakupa unachotaka."

"Unaona? Bado unaongea kama mteja."

Zumana akakaa chini kwenye majivu, kanzu nzuri na yote. Akatazama mtutu, mtutu ulikuwa safi, mtupu, unang'aa, haukuwa na habari yoyote. Akatazama maji meusi yanavyoingia ardhini. Watu walikuwa wanacheza ngoma kule uwanjani. Akafungua mdomo, na kitu kilichokuwa kimekwama humo tangu mazishi kikatoka, kimekauka, kibaya.

"Mla kunde wewe," akasema. "Mjukuu wa mwizi wa punda. Una miguu ya korongo, na mke wako anajua."

Ngolo akaacha kusugua. Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni, labda ya moshi. "Taratibu," akasema. "Hiyo ya korongo ni ya Seriba, si yako. Lakini umeanza. Njoo kesho, uje na lako."

Alikwenda kesho yake. Alikwenda na keshokutwa. Kiangazi kile chote Zumana Traore alipita asubuhi kwa Ngolo Kone kabla ya shamba, akamtukana mpaka akaishiwa, akanywa chai mara zote tatu za desturi, na mwisho akauliza. Ngolo akamwambia mtani hauzi kitu kizima. Siku nyingine alimwambia ililia. Kesho yake akamwambia jana nilikutania. Sali naye aliulizwa, akasema mumewe hajamwambia, na kwamba usingizini husema mambo ya kanga tu.

Jioni, akitoka shamba, Zumana hupita njia ndefu inayopakana na pori. Bunduki iko begani, jiwe limefungwa kwa uzi wa ngozi wa Ngolo. Akifika ukingoni husimama, hunusa upepo kama alivyofundishwa, na hutazama chini ya vichaka, chini kabisa, kwa kimo cha mtu aliyeketi.